Pegmatiti ya graniti na miamba jirani: uchague sampuli ipi, uyeyushaji upi na mashine ipi kupima elementi adimu za ardhi

Mkanda mmoja wa pegmatiti, mwamba wa jamii ya graniti wenye fuwele kubwa sana, ukipelekwa maabara tatu zenye njia tatu tofauti unaweza kurudi na majibu matatu. La kwanza linasema elementi adimu za ardhi zilizo nzito, kama Er, Yb na Lu, karibu hazipo, na zilizobaki ni nyepesi tu, kama La na Ce. La pili linaonyesha Eu (yuropi) imepanda kama mlima. La tatu limejaa alama za "<", yaani chini ya kiwango kinachosomeka, kuanzia Tb hadi Lu. Mashine zote zinaweza kuwa nzima. Kilichotofautiana ni kipande kilichookotwa, madini yaliyoyeyuka na yaliyobaki chini ya chupa, na kile mashine ilichokisoma kwa jina lisilo lake.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na mashine, ingawa watu wengi huanzia hapo. Unaanza na sampuli, unakwenda kwenye uyeyushaji, na mashine inafuata. Kosa la hatua ya kwanza halirekebishwi na hatua ya tatu, hata ulipe kiasi gani.

Kwanza ujue unashika pegmatiti ya aina gani

Pegmatiti za graniti zenye elementi nadra, za ardhi na nyinginezo, hugawanywa katika familia mbili kubwa. LCT ni zile za lithi, sizi na tantali, zenye madini kama spodumeni, lepidoliti, berili, koltani. NYF ni zile za niobi, itri na florini, zenye madini kama alaniti, monaziti, zenotimi, gadoliniti, ferigusoniti, euzeniti. Zipo pia zilizochanganyika. Ytterby nchini Sweden, mahali palipotoa majina ya itri, iterbi, terbi na erbi, ni machimbo ya pegmatiti. Jiwe jeusi lililookotwa pale mwaka 1787, na kuchunguzwa na Johan Gadolin mwaka 1794, ndilo lililofungua hadithi nzima ya elementi hizi.

Tofauti ya familia hizi mbili inabadilisha kila uamuzi unaofuata. Mwamba mzima wa LCT mara nyingi hauna hata 20 ppm (sehemu kwa milioni) za elementi adimu zote kwa jumla, na sehemu zilizokomaa sana hushuka hadi ppm chache tu. NYF inaweza kuwa na mamia ya ppm, na ndani yake kuna punje zenye elementi hizi kwa makumi ya asilimia. Mwamba jirani wa kawaida uko katikati: wastani wa ganda la juu la bara ni karibu 150 ppm bila kuhesabu Y, na shale ya wastani inakaribia 185 ppm.

Hapa pana jambo ambalo hesabu ndogo inaliweka wazi. Pegmatiti ya LCT yenye 5 ppm ikimeza asilimia 5 tu ya shisti (mwamba jirani uliogeuzwa na joto na shinikizo) yenye 180 ppm, inakuwa na (0.95 × 5) + (0.05 × 180), yaani karibu 13.8 ppm. Karibu theluthi mbili ya unachopima si ya pegmatiti, ni ya jirani yake. Katika NYF uchafu huo huo hauonekani kabisa; huko hatari inakwenda upande wa pili, punje moja ya pegmatiti inapoingia kwenye sampuli ya mwamba jirani.

Sampuli: mwamba mzima, ukingo, madini au mwamba jirani

*Mwamba mzima wa pegmatiti* ndio unaovutia zaidi, nao ndio mgumu kuliko yote. Njia ya mkato ya kukadiria uzito wa sampuli ni kufikiria mchemraba wenye upande mara 10 ya fuwele kubwa. Fuwele za sentimita 1 zinadai mchemraba wa sentimita 10, yaani kilo 2.65 hivi. Fuwele za sentimita 5 zinadai zaidi ya kilo 330. Fuwele za sentimita 10 zinadai tani 2.65. Kwa hiyo kipande cha kilo mbili kutoka ukanda wenye feldispa za ukubwa wa kichwa si sampuli ya mwamba mzima. Ni sampuli ya feldispa iliyopewa jina kubwa.

Kama lazima uwe na thamani ya mwamba mzima, kuna njia mbili za heshima. Moja ni mfereji uliokatwa kwa msumeno kutoka ukingo hadi ukingo, ukivuka kanda zote. Mfereji wa upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 3 unatoa karibu kilo 4 kwa kila mita, na kila ukanda unawekwa kwenye mfuko wake. Ya pili ni kukadiria asilimia ya kila madini kwa eneo la uso wa mwamba, kupima kila madini peke yake, kisha kujumlisha. Njia ya pili ni nafuu, lakini inakosa punje ndogo za monaziti na zenotimi ambazo jicho halizioni, nazo ndizo zenye mzigo. Itumie kwa Rb na Li. Kwa elementi adimu usiitegemee.

*Ukingo wenye punje ndogo na apliti* (graniti ya punje ndogo) unatoa sampuli inayobebeka: kilo 2 hadi 5 zinatosha. Kwa kuwa umeganda mapema na haraka, wengi huuchukua kama mwakilishi wa uji wa mwanzo, yaani mwamba ulipokuwa bado umeyeyuka. Tahadhari ni ile hesabu ya hapo juu: ukingo ndio uliogusana na jirani. Kabla ya kuuamini, angalia CaO, MgO na Fe. Kama ukingo uliogusa amfiboliti (mwamba jirani mweusi) una MgO na CaO nyingi kuliko apliti iliyo katikati ya mkanda, elementi adimu zake nazo zimechanganyika. Kati ya viwili hivi ningechagua apliti ya ndani.

*Madini yaliyotengwa* yanakwepa tatizo la ukubwa wa fuwele, lakini kila madini yana upendeleo wake. Feldispa hushika Eu na kuacha nyingine, kwa hiyo inaonyesha kilele cha Eu hata pale uji wenyewe una bonde. Ulanga mweupe hubeba kidogo mno. Ukikuta ulanga wenye La ya makumi ya ppm, tafuta punje za monaziti au apatiti zilizofichwa kati ya karatasi zake. Ganeti na zenotimi huvuta nzito, monaziti na alaniti huvuta nyepesi. Apatiti huchukua karibu zote na hubadilika vizuri uji unapokomaa, ndiyo maana kwa kufuatilia mabadiliko kutoka ukuta hadi kiini naiweka mbele ya ganeti.

*Mwamba jirani* ni rahisi kuchukua na ni rahisi zaidi kukosea. Umbali usiwe sawa. Mabadiliko hupungua haraka karibu na mgusano, kwa hiyo panga vituo kwa kuongeza: mita 0.05, 0.2, 0.5, 1, 2, 5, 10, kisha sampuli angalau tatu za mbali ambako hakuna tomalini mpya, wala ulanga mpya, wala holmkwistiti (madini ya lithi) kwenye amfiboliti. Fuata tabaka lile lile. Katika shisti na naisi tofauti kati ya tabaka la udongo na tabaka la mchanga ni kubwa kuliko badiliko lolote lililoletwa na pegmatiti, na mstari unaovuka matabaka utakuonyesha mwelekeo wa kuvutia ambao ni wa bahari ya kale tu. Kata ngozi iliyooza kwa msumeno: hali ya hewa huhamisha Ce peke yake, kwa kuwa inaweza kugeuka Ce⁴⁺, na kuacha alama inayofanana na ya maji ya moto.

Punje moja inavyoharibu kazi

Tuseme kuna punje ya monaziti yenye upande wa mikroni 200 kwenye unga wako. Ujazo wake ni milimita za ujazo 0.008, na kwa uzito mahususi wa 5.1 ina mikrogramu 41 hivi. Ikiwa robo yake hivi ni Ce, hizo ni karibu mikrogramu 10. Maabara ikipima gramu 0.1 ya unga, punje hiyo moja inaongeza Ce kwa takriban 100 ppm. Ikiingia kwenye kijiko unapata 100, ikikosa unapata 2.

Saga hadi mikroni 75 na punje moja sasa inaongeza 5 ppm hivi. Kwa NYF au shisti inatosha. Kwa LCT yenye Ce ya 2 ppm bado haitoshi. Saga hadi mikroni 30, ambapo punje moja inaongeza karibu 0.3 ppm. Ndiyo maana agizo la kawaida la "asilimia 85 ipite chujio la mikroni 75" lisikubaliwe kwa mazoea.

Chombo cha kusagia nacho huacha alama. Kwatzi na feldispa hukwangua. Kabidi ya tangisteni huongeza W na Co, na mara nyingi Ta, kwa hiyo haifai kabisa ukitaka pia uwiano wa Nb/Ta. Chuma cha kromu huongeza Fe na Cr. Akiki ni safi lakini polepole. Kwa elementi adimu peke yake vyote vitatu vinapita, mradi kati ya sampuli na sampuli usage kwatzi safi na kuimwaga, na usage LCT kwanza, miamba jirani baadaye, NYF mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, mabaki ya NYF yataonekana kwenye LCT.

Uyeyushaji: hapa ndipo wengi hupoteza adimu nzito

| Njia | Unga | Kinachobaki bila kuyeyuka | Kinachopotea au kuharibika | Ichague kwa |
|---|---|---|---|---|
| Asidi nne, chombo wazi | g 0.25 | zirkoni, zenotimi, kasiteriti, sehemu ya monaziti, ganeti, tomalini na koltani | Si, B | Li, Rb, Cs na metali za kawaida |
| HF na HNO₃ ndani ya bomu la shinikizo | g 0.05–0.1 | kidogo sana muda ukitosha | Si. Hatari ya floridi | LCT yenye viwango vya chini |
| Boreti ya lithi | g 0.1–0.2 | karibu hakuna | Li, B | miamba jirani, NYF |
| Peroksidi ya sodi | g 0.1–0.2 | karibu hakuna | Na, na metali ya kikombe | sampuli zinazohitaji Li, Sn, Ta na adimu pamoja |

Asidi nne (HF, naitriki, pakloriki na hidrokloriki) ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayokuja yenyewe usipoandika chochote kwenye fomu. Kwa amfiboliti isiyo na zirkoni nyingi hufanya kazi ya kuridhisha. Kwa graniti, naisi na pegmatiti, hapana. Zirkoni na zenotimi zinabaki chini zikiwa na sehemu kubwa ya Er, Yb na Lu, na mchoro wa elementi kutoka La hadi Lu unashuka kuelekea kulia kwa uzuri wa kudanganya. Mtu huandika kwamba ganeti ilibaki kwenye chanzo cha uji, kumbe ilibaki kwenye bomba la maabara.

Kuna kipimo rahisi cha kugundua hili bila kurudia kazi. Linganisha Zr ya asidi na Zr ya XRF, mashine ya miali ya X isiyohitaji asidi, kwenye unga ule ule. XRF ikisema 150 na asidi ikisema 40, zirkoni haikuyeyuka na safu ya adimu nzito haina thamani. Kama Zr zinakubaliana, angalia pia P: fosfati nyingi na adimu nyepesi chache zinakutaka utazame mabaki kwa darubini.

Bomu la shinikizo, yaani kikombe cha tefloni ndani ya ganda la chuma kwenye tanuri la nyuzi 190 za Selsiasi kwa saa 48 au zaidi, huyeyusha hata zirkoni na lina uchafu mdogo kuliko njia zote hapa. Kasoro zake ni mbili. Unga wa miligramu 50 unarudisha tatizo la punje moja kwa nguvu mara mbili. Pia HF ikikutana na Ca na Al nyingi hutengeneza floridi nyeupe zinazobeba elementi adimu na kukaa chini. Dawa ni kukausha, kuongeza HNO₃, kukausha tena, kisha kurudisha bomu tanurini usiku mzima na asidi ya naitriki iliyopunguzwa. Baada ya hapo zungusha kwenye sentrifugi. Ukiona weupe wowote, usipime. Rudia kwa unga mdogo zaidi.

Boreti ya lithi ndiyo chaguo langu la kawaida kwa miamba jirani. Unga huchanganywa na mara 4 hadi 10 ya uzito wake wa boreti, huyeyushwa kwenye nyuzi 1000 hadi 1050, na tone la kioo humiminwa kwenye asidi ya naitriki inayozungushwa. Likiganda kama gundi baada ya saa chache, silika imejitenga kwa sababu asidi ilikuwa dhaifu au mmiminiko ulikuwa moto mno; toleo hilo litupwe. Bei yake kubwa ni chumvi: mmumunyo lazima upunguzwe mara 1000 au zaidi, na kiwango cha chini kinachosomeka hupanda. Maabara nyingi huahidi 0.1 ppm kwa La na Ce na 0.01 ppm kwa Tm na Lu. Kwa shisti ni zaidi ya kutosha. Kwa LCT yenye Lu ya 0.02 ppm unapima ukingoni mwa giza. Na kwa kuwa umemwagia lithi, Li ya sampuli imepotea. Watu wa spodumeni husahau hili kila mara na kulipa uchambuzi wa pili.

Peroksidi ya sodi huokoa Li. Inaweza kuyeyushwa kabisa karibu na nyuzi 650, au kuokwa tu kwenye nyuzi 480 kwa nusu saa, gramu 0.1 ya unga kwa 0.6 ya peroksidi, ndani ya kikombe cha kaboni ya kioo. Katika njia ya kuoka unaweza kuongeza maji, elementi adimu zikaanguka pamoja na hidroksidi za chuma, na sodi na silika zikamwagwa na maji. Mmumunyo unaobaki una chumvi chache, na viwango vya chini vinasomeka vizuri. Hapa pegmatiti ina hila yake: haina chuma cha kutosha kubeba elementi hizo chini. Ongeza miligramu chache za chuma safi kilichopimwa, na uongeze kiasi hicho hicho kwenye sampuli tupu, ile inayopitishwa njia nzima bila unga wa mwamba. Pasipo hivyo utapoteza sehemu isiyojulikana kila mara, na hasara haitafanana kati ya sampuli na sampuli.

Kuhusu usalama: HF haiguswi bila jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi mwa mwenzako. Asidi ya pakloriki haikutanishwi na vitu vya uhai, na peroksidi ya sodi haichanganywi na unga wenye salfidi nyingi au grafiti. Shisti nyeusi ziokwe kwanza.

Mashine

XRF ya maabara kwa kawaida inasoma La, Ce, Nd na Y, basi. Kwa NYF inakupa ramani ya haraka. Kwa LCT ni kupoteza pesa. Ile ya mkononi ni maarufu kwa kufuata Y kama kiongozi wa adimu nzito, na mtego wake uko ndani ya pegmatiti hasa. Mstari mkuu wa Y uko 14.96 keV, na mstari wa pili wa Rb uko 14.96 keV. Feldispa ya potasi yenye Rb ya 3000 ppm humeta kama ina Y ambayo haipo. Kabla ya kuchora ramani, chora Y dhidi ya Rb. Pointi zikipanga mstari mmoja ulionyooka, unachora ramani ya Rb.

Njia ya nyutroni, inayopiga sampuli kwa nyutroni na kusoma mionzi inayotoka, haihitaji kuyeyusha chochote na hupima gramu nzima, kwa hiyo inashinda tatizo la punje. Lakini huacha nafasi wazi kwa Pr, Dy na Er mara nyingi, inahitaji tanuri la nyuklia, na urani ya kutosha kwenye sampuli hutengeneza La, Ce na Nd za bandia kwa kupasuka. Ni nzuri kwa kuhakiki, si kwa kazi nzima.

ICP-MS, mashine inayochoma mmumunyo kwenye plazma na kutenganisha atomi kwa uzito wake, inabeba mzigo mkubwa, na kosa lake hatari zaidi kwa miamba hii ni oksidi ya bariamu. ¹³⁵Ba ikishikana na oksijeni hukaa juu ya ¹⁵¹Eu, maana uzito unalingana. ¹³⁷Ba hukaa juu ya ¹⁵³Eu. Chukua feldispa yenye Ba ya 1000 ppm, na sehemu 1 kati ya 1000 ya Ba igeuke oksidi. ¹⁵¹Eu inapata nyongeza ya uongo ya 0.15 ppm hivi, na ¹⁵³Eu inapata 0.24 ppm hivi. Kama Eu ya kweli ni 0.1, umetengeneza kilele kutoka bonde. Omba maabara ikupe Eu kwa isotopu zote mbili. ¹⁵³ ikizidi ¹⁵¹ mara kwa mara, na zaidi kwenye sampuli zenye Ba nyingi, marekebisho hayakutosha. Omba pia uwiano wa CeO/Ce wa siku ile; ukizidi asilimia 2, Gd ya sampuli zenye nyepesi nyingi inatiliwa shaka, kwa kuwa PrO hukaa juu ya ¹⁵⁷Gd, na NdO hukaa juu ya Tb.

Leza pamoja na ICP-MS hupiga shimo la mikroni 30 hadi 100 moja kwa moja kwenye apatiti au ganeti, na huonyesha kanda ndani ya fuwele. Inahitaji Si au Ca iliyopimwa kwanza kwa mikroprobu (mashine ya boriti ya elektroni), na glasi ya NIST 610 au 612 kama rejea. Soma mkondo wa sekunde kwa sekunde kabla ya kukubali wastani: La, Ce na Th zikiruka pamoja, umegonga monaziti, Zr na Hf zikiruka, umegonga zirkoni. Mikroprobu peke yake inatosha kwa madini yenye elementi hizi kwa asilimia, kama monaziti, zenotimi na alaniti, na kwa hayo tu. Huko Pr isomwe kwenye mstari wake wa β, maana mstari wa α unafunikwa na La.

Ugawanye kwa rejea ipi?

Ili kusawazisha mchoro, kila thamani hugawanywa kwa thamani ya rejea. Kondriti, aina ya kimondo cha mawe, ndiyo rejea ya kawaida na ndiyo inayofaa kwa mteremko na kwa Eu/Eu*, ambayo ni Eu iliyosawazishwa ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha Sm × Gd zilizosawazishwa. Andika ni kondriti ipi. La ya Sun na McDonough wa 1989 ni 0.237 ppm, ya Taylor na McLennan wa 1985 ni 0.367. Umbo la mchoro linabaki karibu lile lile, lakini urefu unatofautiana mara 1.5, na michoro miwili ya rejea mbili ikiwekwa pamoja inasimulia tofauti isiyokuwepo.

Kwa swali la "je, pegmatiti ilibadilisha jirani yake?" kondriti haifai. Gawanya kwa wastani wa sampuli zako za mbali, na kabla ya hapo rekebisha kwa elementi isiyohama. Tuchukue mfano wa hesabu. Shisti ya mbali ina TiO₂ 0.80, La 35 na Yb 2.6. Sentimita 20 kutoka mgusano ina TiO₂ 0.64, La 28 na Yb 3.4. Kwa macho, La imetoka na Yb imeongezeka kidogo. Uwiano wa TiO₂ ni 1.25. La inakuwa 28 × 1.25 = 35, haikutikisika; ilipunguzwa tu na kwatzi iliyoingia. Yb inakuwa 4.25, ongezeko la asilimia 63. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa Al na Zr. Zote tatu zisipokubaliana, mojawapo ilihama au matabaka yalikuwa tofauti, na hakuna hitimisho.

Kwa LCT iliyokomaa kuna kipimo kingine, mikunjo minne ya tetradi, yaani ya makundi ya elementi nne nne zinazofuatana. Kwa thamani zilizosawazishwa, tafuta Ce na Pr zinavyopanda juu ya mstari unaounganisha La na Nd, na Tb na Dy juu ya mstari wa Gd na Ho. Wastani wa kijiometri ukizidi 1.1, mkunjo unachukuliwa kuwa wa kweli. Usiupe imani mpaka Y/Ho nayo itoke nje ya 24 hadi 34 au Zr/Hf nje ya 26 hadi 46, na thamani zote nane ziwe angalau mara 5 ya kiwango cha chini kinachosomeka. Msukosuko wa namba ndogo hutengeneza mikunjo mizuri sana.

Basi uchague nini

Kwa kutenganisha LCT na NYF mwanzoni mwa kazi: apliti ya ndani, kilo 3, boreti ya lithi, ICP-MS. Jibu linaonekana kwa jumla ya ppm hata kabla ya kuchora. Kwa kutafuta madini ya adimu yenyewe ndani ya NYF: mfereji, boreti, na vipande vichache vya mikroprobu ili ujue kama mzigo uko kwenye monaziti, inayochakatwa kwa njia zinazojulikana, au kwenye silikati na oksidi ngumu kama alaniti na euzeniti. Kwa kufuatilia ukomavu wa LCT: apatiti au ganeti kwa leza, na usahau mwamba mzima. Kwa mabadiliko ya jirani: boreti kwa shisti na naisi, pamoja na uchambuzi wa pili wa peroksidi kwa Li, Rb na Cs. Hizi tatu husafiri mbali kuliko elementi adimu, na zitakuambia kama sampuli zako "za mbali" ziko mbali kweli.

Kila kundi la sampuli 20 liwe na sampuli tupu moja, rejea mbili na marudio mawili. Rejea moja iwe ngumu kuyeyuka, kama GSP-2 yenye zirkoni nyingi na Ce ya 410 ppm. Nyingine iwe ya chini, kama MA-N, graniti yenye lithi nyingi na elementi adimu chache mno. Rudio moja ligawanywe baada ya kuvunja mawe, jingine baada ya kusaga. Marudio ya unga yakikubaliana na ya mawe yasikubaliane, ongeza uzito wa sampuli. Hata ya unga yasipokubaliana, saga zaidi au ongeza uzito unaoyeyushwa. Kubadili mashine hakutasaidia.

Na kama fedha inatosha uchambuzi kumi tu, ningegawa hivi: minne kwa mstari wa mwamba jirani, mitatu kwa sampuli za mbali, miwili kwa apliti, na mmoja uwe rudio la apliti lililogawanywa kabla ya kusaga. Rejea na sampuli tupu zidai kwa maabara, ziandikwe kwenye ripoti ileile. Mifuko ya pegmatiti yenye fuwele kubwa ibaki stoo, na ile yenye samarskiti au monaziti iwekwe mbali na watu na mbali na filamu, kwa sababu ya thori na urani yake.